Darasa lako la kwanza la mlingoti Kampala: mwongozo kamili, kuanzia ngozi hadi mzunguko wa kwanza

Wengi wanaotaka kuanza mazoezi ya mlingoti, yaani kuzunguka na kupanda nguzo ya chuma iliyosimamishwa, huahirisha kwa hofu moja kati ya mbili: kwamba hawana nguvu za mikono, au kwamba miili yao ni mizito mno. Zote mbili zinaweza kusubiri. Kinachoamua saa yako ya kwanza itakwendaje ni ngozi. Ikiwa kavu na wazi, chuma kinakushika. Ikiwa na mafuta, hata mwenye misuli ya mbeba mizigo wa soko la Owino atateleza mpaka sakafuni. Ndiyo maana maandalizi yanaanzia bafuni, siku moja kabla.

Jioni ya kuamkia darasa

Kwa saa 24 kabla ya darasa usijipake kitu chochote mikononi, miguuni wala tumboni. Vaselini, losheni, mafuta ya nazi, na zaidi ya yote siagi ya shea, ile moo yao inayotoka kaskazini, hukaa ndani ya ngozi. Kuoga asubuhi hakuyamalizi. Mwili ukipata moto, jasho huyasukuma nje na kuyapaka kwenye mlingoti, na hapo shida si yako peke yako: anayeshika baada yako ndiye atakayeteleza. Ukiona uso na midomo inakukauka, paka huko tu kwa pamba, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Kama unanyoa miguu, nyoa siku mbili kabla. Ngozi iliyonyolewa asubuhi ile ile ikikutana na spiriti na msuguano wa chuma huwaka moto.

Chakula kizito kiwe kimeliwa saa mbili hadi tatu kabla. Katogo, yaani ndizi zilizopikwa pamoja na mchuzi, ya saa nne asubuhi ni sawa kwa darasa la saa saba mchana. Rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, iliyoliwa kwenye foleni dakika ishirini kabla itakurudia kooni ukianza kuzunguka. Ukihisi njaa njiani, ndizi mbivu moja inatosha. Kunywa maji tangu asubuhi, na uje na chupa ya lita moja.

Kuna wanaopaswa kumwona daktari kwanza. Nao ni mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, aliyewahi kuteguka bega, mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, mwenye shinikizo la macho, na mwenye ugonjwa wa seli mundu, kwa kuwa mazoezi makali pamoja na upungufu wa maji vinaweza kuamsha maumivu. Na kama umemaliza dawa za malaria juzi tu, ahirisha mpaka nguvu zirudi kabisa. Mshiko wa mtu aliyedhoofika huachia bila kutoa taarifa.

Nguo, na kwa nini ziwe fupi

Vaa kaptura inayoacha mapaja wazi na fulana isiyo na mikono. Sababu ni ya kifundi. Katika kukaa kwenye mlingoti na kuupanda, breki zako ni ngozi ya mapaja ya ndani, nyuma ya magoti, sehemu ya juu ya nyayo na, baadaye, ubavu. Kitambaa cha suruali hakishiki chuma. Anayeona taabu kuvaa hivyo siku ya kwanza aseme mapema. Mizunguko yote ya mwanzo hufanyika vizuri ukiwa na suruali ya kubana inayoishia chini kidogo ya goti, mradi miundi na miguu viwe wazi. Utakachokosa ni kukaa tu, na hicho kinaweza kungoja wiki ya pili. Usilazimishwe.

Kwa njiani, vaa sketi ndefu, leso au suruali ya michezo juu ya kaptura. Utaivua baada ya kupasha mwili moto.

Pete, saa, bangili na mikufu vibaki kwenye mkoba. Obutiiti pia, ile shanga ya kiunoni: ikibanwa kati ya nyonga na chuma huuma ngozi, na uzi ukikatika shanga hutawanyika sakafuni ambako watu wanakanyaga wakiwa peku. Nywele za kusuka zinazofika kiunoni zifungwe kilemba au fundo la juu, maana zikizungukia mlingoti pamoja nawe zitakuvuta kichwa nyuma. Kucha ndefu za kubandika humzuia mtu kufumba ngumi, na asiyeweza kufumba ngumi hana mshiko.

Kukagua mahali kabla hujalipa

Piga simu au fika siku moja kabla, uulize mambo machache. Watu wangapi kwa mlingoti mmoja? Mmoja hadi watatu inafaa. Zaidi ya hapo utatumia saa nzima ukisubiri zamu. Magodoro ya kuangukia yapo? Je, darasa ni la wanaoanza, au utatupwa katikati ya watu wanaoning'inia kichwa chini? Mwalimu husimama karibu na mwanafunzi anapojaribu kitu kipya? Jibu la "utaona ukifika" halitoshi.

Ukifika, uangalie mlingoti wenyewe. Kipenyo cha milimita 45 ndicho kinachotumika kwenye mashindano ya kimataifa, na kinakaa vizuri mkononi mwa watu wengi. Milimita 50 ni mnene kwa mwenye viganja vidogo. Uso wa kromu ndio wa kawaida. Chuma cha pua hakichubuki rangi lakini huteleza kidogo zaidi, na shaba ya manjano hushika vizuri kwenye joto na jasho. Ushike kwa mikono miwili, uutikise kwa nguvu. Kupinda kidogo katikati ni kawaida. Kucheza kwenye kitako au kule juu kwenye dari si kawaida, na hapo usipande. Uliza pia kama umefungwa usizunguke, kwa sababu mingi ina kifungo kidogo karibu na kitako kinachoubadilisha kutoka mlingoti tuli kuwa unaozunguka wenyewe. Anayeanza aanze na ulio tuli.

Na mchezo wenyewe, kama kuna mtu nyumbani anayeuliza unakwenda kufanya nini huko: Wahindi wana mallakhamb, mazoezi ya kale ya nguzo ya mbao, na wanasarakasi wa Kichina wamepanda milingoti kwa vizazi. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu lilianzishwa mwaka 2009.

Mkono mkavu

Hapa ndipo wanaoanza wanapopotea zaidi, kwa hiyo tukae kidogo.

Nunua chupa ndogo ya spiriti ya duka la dawa, yenye alkoholi ya asilimia 70 au karibu na hapo, na kitambaa laini. Kabla ya zamu yako lowesha kitambaa, ufute mlingoti kuanzia juu unapofika hadi chini ya magoti, kisha ufute kwa upande mkavu. Futa viganja vyako pia. Usitumie kitakasa mikono cha jeli badala ya spiriti. Nyingi zina gliserini ya kulainisha ngozi, na gliserini hiyo hubaki kama utando kwenye chuma.

Poda ya watoto nayo ni mtego. Ukiipaka unahisi mkono umekauka, lakini poda hiyo hutengenezwa ili ngozi iteleze juu ya ngozi. Kinachofaa ni chaki ya magnesiamu, ile ya wanasarakasi na wapanda miamba, iwe ya unga au ya maji. Kiasi cha tone la maji ya chaki, sawa na harage moja, kinatosha viganja vyote viwili: sugua, subiri sekunde 20 hadi 30 mpaka kiwe cheupe, ndipo ushike. Ukipaka nyingi hufanya magamba, na magamba huteleza.

Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, hewa ya Kampala hujaa unyevu na chuma chenyewe hutoka jasho. Siku hizo futa mara mbili zaidi. Asubuhi yenye baridi tatizo ni kinyume chake: chuma baridi hakishiki ngozi kavu. Usugue mlingoti kwa viganja mpaka upate uvuguvugu.

Saa yenyewe

Darasa la dakika 60 hutumia dakika 10 hadi 15 kupasha mwili moto. Usichelewe sehemu hii kwa kisingizio cha foleni ya Jinja Road. Vifundo vya mikono, viwiko na mabega vinakwenda kubeba uzito ambao havijawahi kubeba, na misuli baridi ndiyo inayochanika. Ukichelewa zaidi ya dakika kumi, kaa utazame, au upashe moto peke yako pembeni kabla ya kugusa chuma.

Kisha utafundishwa mshiko. Shika mlingoti kama unavyoshika mchi wa kutwangia: vidole vinne upande mmoja, gumba upande wa pili, mkono mmoja juu ya mwingine. Sasa fanya jambo dogo ambalo litakulinda kuliko nguvu zote. Ning'iniza uzito kidogo kwenye mkono wa juu, uache bega lipande hadi sikioni. Utahisi unaning'inia kwenye kano. Halafu vuta bega chini, mbali na sikio, kama mtu anayetaka kurefusha shingo. Kifua kinafunguka, mgongo unaingia kazini, na uzito unahama kutoka kwenye kiungo kwenda kwenye misuli. Rudia mara kumi kila upande. Mtu akijifunza jambo hili peke yake siku ya kwanza, ada yake haikupotea.

Baada ya kutembea ukizunguka mlingoti mara kadhaa kwa ncha za miguu, utafika kwenye mzunguko wa kwanza, ule wa zimamoto, ulioitwa hivyo kwa kufanana na wazima moto wanavyoteremka bombani. Kwa upande wa kulia:

1. Simama mlingoti ukiwa kuliani kwako, nyonga ikiwa umbali wa ngumi moja. Mkono wa kulia ushike juu ya kichwa, wa kushoto usawa wa kifua. Mabega chini.
2. Kanyaga mbele kwa mguu wa kulia, karibu na kitako cha mlingoti.
3. Zungusha mguu wa kushoto kwa duara kubwa, mbali na mwili, kama unafagia kwa unyayo. Duara hili ndilo linalokuzungusha.
4. Mguu wa kushoto ukishapita mbele, nyanyua wa kulia na uubane mlingoti kwa magoti yote mawili, mguu mmoja mbele ya chuma na mwingine nyuma. Mikono ivute kidogo chini, kama unajiinua kwenye ukuta.
5. Acha mzunguko ukuteremshe. Miguu itue mmoja mmoja, kwa ncha kwanza, magoti yakiwa yamekunjwa.

Kosa la karibu kila anayeanza ni kuruka. Anaruka juu, kifua kinagonga chuma, mkono wa juu unapokea uzito wote kwa mshtuko, na hakuna mzunguko wowote, kwa sababu nguvu yote ilikwenda juu badala ya kwenda pembeni. Kanyaga, fagia, bana. Ukijiona bado unaruka, fanya hatua ya pili na ya tatu tu, mara tano, bila kunyanyua mguu wa pili.

Kosa la pili ni kubana kwa mikono mpaka vidole vigeuke vyeupe. Mlingoti tuli hauzunguki. Viganja vyako ndivyo vinavyozunguka juu yake. Ukibana kupita kiasi unakwama nusu ya duara, na ngozi ya kiganja inajikunja na kutoa lengelenge. Shika kwa nguvu ya kubeba dumu la maji: imara, lakini si ya kuliminya. Aliyezoea kubeba madumu ya lita 20 kutoka kisimani, kwa kweli, ana mshiko mzuri kuliko wengi waliotoka kwenye jimu.

Kila unachofanya kulia ufanye na kushoto, hata kama kushoto kunaonekana kibaya. Kizunguzungu kikianza, simama, shika mlingoti na utazame kitu kimoja kisichosogea ukutani. Mizunguko mitatu, pumzika, badili upande.

Muda ukiruhusu, utaonyeshwa kukaa na kupanda. Katika kukaa, mlingoti hupita kati ya mapaja, juu kabisa, karibu na nyonga. Unapishanisha mapaja, unayabana, kisha unaegemea nyuma kidogo ili uzito uzidishe mbano. Inauma. Ni maumivu ya kufinywa kwa ngozi, na hupungua baada ya wiki tatu au nne za mazoezi. Wengi hubana katikati ya paja, ambako nyama ni laini na inasogea. Panda juu zaidi kabla ya kubana.

Katika kupanda, kunja unyayo wa kulia uelekee juu, ulaze muundi na sehemu ya juu ya unyayo kwenye chuma, kisha ulete mguu wa kushoto mbele, shavu la mguu likibana kutoka upande wa pili. Mbano ukishika, simama kwa miguu, ndipo mikono ipande. Anayejivuta kwa mikono huchoka kwenye hatua ya pili. Siku ya kwanza hatua moja juu na kuteremka polepole ni kazi ya kutosha.

Kugeuka kichwa chini si kazi ya darasa la kwanza, hata rafiki yako mwenye simu akisema picha itapendeza. Mwalimu anayekugeuza kichwa chini siku ya kwanza kwenye mlingoti, mwambie asante na usirudi.

Na umeme ukikatika ukiwa juu? Bana kwa mapaja na mikono, usirukie gizani. Teremka taratibu mguu ukitafuta godoro, na utangaze kwa sauti kwamba umefika chini.

Ukichagua kitambaa badala ya chuma

Bembea ya kitambaa, ile inayoning'inizwa kutoka juu, inafuata sheria nyingine, na ya nguo inageuka kabisa. Hapa funika ngozi: suruali ya kubana hadi kifundoni, fulana inayoziba makwapa. Kitambaa kikivutwa kwa kasi juu ya ngozi huichoma kama kamba. Zipu na vifungo vibaki nyumbani, maana vinachana kitambaa.

Kabla ya kukaa, tazama juu. Karabina, yaani pete ya chuma inayofunguka na inayoshikilia bembea, iwe imefungwa kwa kifungo chake cha kuzuia kufunguka, na iwe na maandishi ya uwezo wake. Kilonewtoni 22, sawa na zaidi ya tani mbili, ni kawaida kwa vifaa halali. Karabina ndogo za kufungia funguo hazina kazi hapa. Uwezo huo wa kilonewtoni 22 si mkubwa kupita mahitaji, kwa kuwa mtu wa kilo 70 akijidondosha ghafla huvuta pale bembea ilipofungwa kwa nguvu mara kadhaa ya uzito wake. Sehemu ya chini ya bembea iwe usawa wa mfupa wa nyonga yako. Ikiwa juu zaidi, omba ishushwe.

Kwenye bembea, tofauti na mlingoti, huenda ukageuzwa kichwa chini siku ya kwanza. Kitambaa kikae chini ya kiuno, juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni, na miguu ijifunge kwenye kitambaa kabla mikono haijaachia. Ukiinuka, kichwa kiwe cha mwisho, polepole, la sivyo kichefuchefu kitakushika.

Usikimbilie kujitengenezea nyumbani

Furaha ya darasa la kwanza huwapeleka wengine moja kwa moja Katwe kwa fundi wa kuchomelea. Bomba la maji la inchi moja na nusu lina kipenyo cha nje cha takriban milimita 48, kwa hiyo mkononi linaonekana linafaa. Halifai. Uso wake wa zinki una chembe zinazokwaruza, lina mshono wa kuunganishia, na hakuna anayejua litapindaje mtu akilizungukia.

Milingoti mingi halali ya nyumbani hukaa kwa kujibana kati ya sakafu na dari, na dari lazima iwe imara, kama ya zege. Nyumba nyingi zetu zina mabati juu na silingi bodi chini yake. Gonga dari kwa mpini wa ufagio: ikitoa sauti ya ngoma, hapo hakuna cha kubana, na mlingoti utaitoboa bodi ukiwa juu yake. Vivyo hivyo bembea haifungwi kwenye mbao za kenchi zilizokusudiwa kubeba mabati tu.

Siku tatu zinazofuata

Kabla ya kupanda boda, kaa dakika kumi unywe maji. Mikono itakuwa inatetemeka, na abiria wa boda anahitaji mkono wa kujishikia kwenye mashimo.

Kesho yake utaona ngozi imevilia damu kwenye mapaja ya ndani, miundi na juu ya miguu. Ni kawaida. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, wala si kaveera (mfuko wa plastiki) tupu juu ya ngozi, dakika 10 hadi 15, mara mbili siku hiyo. Lengelenge usilitoboe. Sasa pia ndiyo ruhusa ya kurudia mafuta yako.

Misuli itauma zaidi siku ya pili kuliko ya kwanza, kisha itatulia. Maumivu yasiyo ya kawaida ni yale makali ya upande mmoja ndani ya kiwiko, kifundo cha mkono au bega, ganzi kwenye vidole, au mkono usioweza kuinuka juu ya kichwa. Hayo yapeleke kwa daktari, wala usiyakande kwa nguvu.

Mwezi wa kwanza darasa moja kwa wiki linatosha, kwa sababu kano huimarika polepole kuliko misuli. Katikati ya wiki ning'inia kwenye bomba imara kwa sekunde 10, mara tano, ukivuta mabega chini kama ulivyofundishwa, na ufanye zoezi la ubao (plank), mwili umenyooka juu ya viwiko na ncha za miguu, sekunde 20, mara tatu. Ukirudi darasani, mwombe mwalimu akuanzishe upande wa kushoto.